Kamera Isiwe Hakimu: Utoaji Mimba katika Filamu Fupi

Ndugu wasikilizaji, filamu ya dakika 12 ina takribani kurasa 12 za mswada. Kwa nafasi hiyo hamwezi kumaliza mjadala wa utoaji mimba. Mnaweza kumweka mtazamaji ndani ya uamuzi mmoja, auhisi uzito wake.

Anzeni na hoja. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson aliuliza: hata tukikubali kwamba kijusi ni mtu, je, haki yake ya kuishi inampa haki ya kuutumia mwili wa mwingine? Mwaka 1989 mwanafalsafa mwingine, Don Marquis, akaja na hoja ya upande wa pili: ubaya wa kuua ni kumnyang'anya mtu maisha yake yajayo, na kijusi kinayo maisha hayo mbele yake. Mhusika akizitamka hoja hizi, filamu imegeuka darasa. Zipeni vitendo. Ya kwanza inaweza kuwa binti anayemuuguza mzazi usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaweza. Ya pili, mwanamume anayepima kwa shubiri ukuta mtupu, kuona kama kitanda kidogo kitaenea.

Kosa linaloharibu filamu nyingi ni la hesabu. Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wiki ya 6 ni takribani wiki 4 tu tangu mimba itungwe, na pengine mwenyewe amejua jana. Halafu mwigizaji anavikwa tumbo la miezi sita! Hilo si kosa la mavazi tu. Tumbo kubwa linabadilisha swali lenyewe la maadili, na mtazamaji hajui kwamba limebadilishwa.

Sauti nayo ina hila zake. Mapigo ya moyo wa kijusi yasikike tu ikiwa mashine ya kuyasikiliza imewashwa chumbani. Msiyapachike wakati wa uhariri ili kumliza mtu. Kwa picha za karibu, mpeni anayempinga mwanamke huyo lenzi ileile na umbali uleule. Kisha tazameni filamu bila sauti, mkihesabu sekunde za kila uso. Mmoja akipata 90 na mwenzake 15, mmeshahukumu.

Mwisho ndio mgumu zaidi. Kumuua mwanamke katika dakika ya mwisho huonekana kama hoja, kumbe ni tukio tu. Utoaji mimba kwa njia inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ukisimamiwa na mwenye ujuzi, ni salama. Kwa hiyo mkionyesha kifo, onyesheni na chanzo chake: kucheleweshwa, au mikono isiyo na mafunzo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayetabasamu; tabasamu lake halithibitishi kwamba mama hakuwa na haki ya kuchagua.

Wala msikate picha kabla mwanamke hajaamua, maana huko ni kukwepa. Aamue, tuone. Kisha kamera ibaki sekunde 10 kwa yule aliyempinga, akiwa bado chumbani, akitafuta pa kuweka mikono yake.