"Ni" na "Ndiye": Unamtaja au Unamchomoa?

Ndugu zangu, wanaonijua wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye daladala ya Gongo la Mboto.

Ilikuwa jioni, gari limejaa. Tulipofika Tazara dada mmoja akapiga kelele: simu yangu! Palepale abiria wakamkaba kijana aliyesimama mlangoni, shati likachanika kwapani. Konda akaingia katikati, akamuuliza yule dada: "Huyu ndiye aliyekuchukulia simu?" Dada akajibu: "Huyu ni mwizi, namjua, tunakaa mtaa mmoja." Watu wakaona imetosha. Konda hakuona hivyo. Akasema: "Dada, sijauliza kama ni mwizi. Nimeuliza, ndiye?"

Dada akanyamaza. Hakuwa na uhakika. Kijana akaachiwa, akashuka ameshikilia shati lake.

"Ni" humtia mtu kwenye kundi: wezi wako wengi, naye mmoja wao. "Ndiye" humchomoa huyo mmoja, wengine wote wakae pembeni. Ukilichanganya hili mbele ya watu wenye hasira, mtu anapigwa kwa kosa la mwenzake!

Najua mtaniambia: mwalimu, siku hizi "ndio" inatosha kwa kila kitu. "Kitabu hiki ndio nilichonunua", nani hakuelewi? Naelewa, kwa sababu kitabu umeshakitaja. Haya, twende mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri vya magari. Fundi yuko gereji Temeke, muuzaji amemtumia picha ya vitu viwili: kifuniko cha rejeta na bomba lake. Kipi? Fundi anajibu neno moja: "Ndicho." Kifuniko kinafungwa, bodaboda anaondoka nacho. Angejibu "ndio", muuzaji angepiga simu kuuliza upya. Shina ni ndi-, mkia ndio unaobeba ngeli: ndicho, ndilo, ndizo. Mnaukata mkia halafu mnaniambia lugha imekuwa nyepesi. Imekuwa nyepesi kwa nani?

Ndipo, ndimo na ndivyo nilitaka kuzigusa, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Basi moja tu: kinyume cha "ndiye" ni "siye". Mitaani mnasema "huyu sio", na wanafunzi wangu wanaandika hivyohivyo kwenye mitihani.

Yule kijana pale Tazara alisema sawasawa, kola ikiwa mikononi mwa watu. "Mimi siye!" Alisema mara tatu kabla konda hajauliza.