Dozi, Nauli na Benchi la Bibi

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Mimi Zuhura wa zahanati, na Hamza yupo mbele yangu kanyamaza tangu aingie. Wanaomjua wanajua hilo si la kawaida. Kuna nini, mdogo wangu?

HAMZA: Nimechoka, dada. Jumanne nilishinda na kijana mmoja wa maskani kwetu. Nimemwomba ruhusa nisimulie, amesema sawa ila jina niliache. Tumwite Dogo.

ZUHURA: Dogo tunamjua? Yule wa kuosha magari?

HAMZA: Siye huyo, mwingine. Huyu yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, mwaka wa pili sasa, na unga, yaani heroini yenyewe, hajaugusa. Mwezi uliopita kikohozi kikamkalia, akapimwa, akakutwa na TB. Kituo cha karibu na anapolala wakamwanzishia dawa. Vizuri kabisa. Wiki ya pili arosto, yale mateso ya kukosa dawa mwilini, ikamrudia. Saa nane usiku anatoka jasho, miayo haikatiki, kamasi zinachuruzika, mifupa inamuuma. Na dozi ya methadoni anakunywa kila asubuhi kwenye dirisha la kliniki, muuguzi anamuona anameza.

ZUHURA: Alipowaambia kuwa dozi haimshikilii?

HAMZA: Dirishani wakamwambia, "Umeshaanza kuchanganya na unga wewe." Akaenda kwenye TB, wakamwambia hayo ya methadoni kaulize huko huko. Hakuna aliyemtukana, lakini kila mtu alikuwa anaangalia daftari lake. Dogo mwenyewe alishalijua tatizo. Alikuwa anawaambia, "Tangu mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa ndipo usingizi uliponikimbia."

ZUHURA: Aa! Kawapa jibu lote.

HAMZA: Jibu lote, na hakuna aliyeliokota.

ZUHURA: Wasikilizaji, ile rangi ya chungwa ni ya rifampisini, mojawapo ya dawa za TB. Mkojo kubadilika rangi hakuna madhara. Tatizo lipo kwenye ini. Rifampisini inaliamsha ini, linaanza kuivunja methadoni haraka kuliko mwanzo. Kiwango mwilini kinaweza kushuka hata kwa nusu. Dozi iliyokuwa inamfikisha kesho yake asubuhi sasa inaisha kabla hakujakucha. Huyo hakuwa anachanganya kitu. Alikuwa kwenye arosto ya kweli, kaletewa na dawa tulizompa sisi wenyewe.

HAMZA: Jumanne nikamwambia twende, lete kadi zote mbili. Tukaziweka mezani kwa daktari, moja kando ya nyingine. Akaisoma hii, akaisoma ile, akanyanyua simu akampigia mwenzake wa upande wa pili. Hawakuongea hata dakika tano. Dozi wameanza kuipandisha kidogo kidogo.

ZUHURA: Na kuna mwisho wake ambao watu wanausahau. TB ya kawaida unatibiwa miezi sita. Ukimaliza rifampisini, ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani. Kama ile dozi iliyopandishwa haijashushwa, methadoni inajaa mwilini, pumzi inapungua, mtu analala haamki. Kwa hiyo tarehe ya kumaliza TB iandikwe kwenye faili la methadoni leo, na iandikwe kubwa.

HAMZA: Ndiyo maana nasema mambo haya yawe chini ya paa moja. Zahanati ya mtaani kwako wakupime TB, wakuulize habari za usingizi, na dozi unywe hapo hapo. Siku ile tumepanda daladala tatu, dada. Tatu! Na ni siku moja tu ya mtu mmoja.

ZUHURA: Nauli hiyo imeshaua watu. Unakijua kisa cha Harare, kule Zimbabwe?

HAMZA: Cha lile benchi?

ZUHURA: Kabla ya benchi. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na mgonjwa binti mdogo. Binti akaanza tena kufikiria kujiua. Hospitali ilikuwa mbali, familia haikuwa na nauli ya basi, dola kumi na tano hivi. Wakawa wanatafuta. Haikupatikana kwa wakati, na binti akajiua. Chibanda amelieleza hili mwenyewe hadharani. Kwa hiyo mwaka 2006, pale Mbare, mtaa wa Harare, akaanza na bibi kumi na wanne. Akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo.

HAMZA: Bibi wa kawaida kabisa?

ZUHURA: Bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa jamii. Na wamelipima jambo lenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kliniki 24 za Harare, watu 573. Waliokaa kwenye benchi na bibi, baada ya miezi sita dalili zao zilikuwa zimepungua sana kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Hata Zanzibar benchi limefika.

HAMZA: Sasa dada, mimi nina bibi.

ZUHURA: [anacheka] Nilijua! Nilijua tutafika Mbagala.

HAMZA: Nakwambia kweli. Bibi yangu mpe benchi kesho.

ZUHURA: Hamza, bibi yako akilijua jambo saa nne, saa sita Mbagala yote inalo. Waliosikia kipindi kile jinsi alivyoieneza habari ya kuku ni mashahidi.

HAMZA: Ya kuku anasema! Ya mtu aliyekuja kulia kwake hasemi. Yule amekuwa somo wa wanawake miaka yote, mambo ya ndani ya nyumba za watu anayo kifuani, hata mama yangu hajawahi kumtoa neno. Tatizo lake ni moja tu. Hawezi kusikiliza kabla hajakuuliza, "Umekula?"

ZUHURA: Subiri, hilo si tatizo hata kidogo. Ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, ambayo Kiswahili chake kipo, swali la tano ni hilo hilo. Hamu ya kula imepotea, au unakula kupita kiasi? Na la tatu ni usingizi.

HAMZA: Bibi la usingizi nalo analo. "Mbona macho yako hivyo, umelala wewe?"

ZUHURA: Basi kashafika la tatu na la tano bila karatasi!

HAMZA: Na uchovu je?

ZUHURA: La nne.

HAMZA: "Mbona unajiburuza kama umebeba gunia?" Tayari! Dada, bibi ni fomu nzima.

ZUHURA: La tisa je? La tisa ndilo linalowashinda wengi. Kwamba umewahi kuona bora ungekufa, au kutaka kujidhuru. Nimewaona wauguzi waliosoma wanaliruka, wanaweka alama ya hapana bila kumuuliza mtu.

HAMZA: Wanaogopa kumtia wazo.

ZUHURA: Na kuuliza hakumtii mtu wazo. Hilo limechunguzwa. Mtu aliyekuwa nalo moyoni anapata pa kulitua.

HAMZA: Bibi angeuliza wazi. Alimuuliza jirani yetu mmoja aliyefiwa na mume, nipo namsikia: "Mwanangu, unataka kumfuata?" Yule mama akalia mpaka magharibi. Bibi hakumwachia mkono.

ZUHURA: [kimya kidogo] Huyo tumpeleke kwenye benchi, basi.

HAMZA: Si nilisema!

ZUHURA: Lakini atafundishwa. Wale wa Harare hawagawi nasaha. Wanamsaidia mtu ataje matatizo yake, achague moja la kuanza nalo, na njia ya kulitatua aitoe mwenyewe. Bibi yako ataweza kukaa na jibu mdomoni asilitoe?

HAMZA: Hapo... hapo tumwombee.

ZUHURA: Na awe na mtu wa kumpelekea anayezidi uwezo wake. Benchi bila rufaa ni kumtwika bibi mzigo usio wake.

HAMZA: Sasa kama bibi anaweza, zahanati inashindwaje?

ZUHURA: Kwa sonona, wasiwasi, kifafa, hata mgonjwa wa akili aliyetulia na dawa zake, zahanati haishindwi. Na si jambo jipya hapa kwetu. Miaka ya themanini, Morogoro na Kilimanjaro, Tanzania ilishaanza kupeleka huduma ya afya ya akili hadi vituo vya chini, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Wadenishi. Lakini muulize mtu leo matibabu ya akili yako wapi, atakwambia Mirembe. Mtoto akiwa mtundu, "tutakupeleka Dodoma." Na huku kwangu mama anakuja kila baada ya wiki mbili: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, hana. Anapewa panadoli. Faili linanenepa, na hakuna ukurasa hata mmoja aliopoulizwa nyumbani kukoje.

HAMZA: Basi tunakubaliana.

ZUHURA: Kwenye hilo. Methadoni zahanati, hapana.

HAMZA: Dada!

ZUHURA: Zahanati yangu asubuhi ina muuguzi mmoja wa chanjo, na huyo huyo ndiye wa wajawazito. Methadoni inataka kabati la kufuli, daftari lake, mililita zihesabiwe kila siku. Unamwangalia mtu usoni kabla hujampa, maana kama kalewa au kameza valiamu, ile dozi inaweza kumkata pumzi. Akimeza, mzungumze kidogo. Na ni kila siku. Idi. Krismasi. Zahanati ngapi unazijua zinazofunguliwa siku ya Idi?

HAMZA: Maneno haya haya yalisemwa kwenye ARV. Zilipoanza mwaka 2004 zilikuwa za hospitali kubwa, zahanati haziwezi, wauguzi hawatoshi. Leo mtu anachukua zahanati ya kijijini kwao.

ZUHURA: ARV unaondoka nazo nyumbani za miezi. Hizi kwa kawaida unakunywa mbele ya muuguzi.

HAMZA: Basi waliotulia wapewe za nyumbani!

ZUHURA: Kwenye chumba kimoja wanacholala na watoto? Kiasi kinachomtuliza mtu mzima kinamuua mtoto, Hamza.

HAMZA: Kisanduku cha kufuli. Na wachaguliwe. Sisemi wote.

ZUHURA: Na hao wasiochaguliwa?

HAMZA: Ndio wawe na dirisha karibu! Methadoni ya Muhimbili ilianza 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, leo Mwanza ipo, Mbeya ipo, Dodoma ipo. Nashukuru. Imewaokoa watu niliokua nao. Lakini mtu wa zege anachaguliwa kazini alfajiri, kumi na mbili na nusu, pale kijiweni. Dirisha anakwenda saa ngapi? Kila siku anachagua dozi au kibarua. Tunamwambia apone, arudi kazini, halafu dawa yenyewe inamnyima kazi.

ZUHURA: Hilo ni la saa za dirisha. Lifunguliwe mapema. Si sababu ya kulipeleka mahali ambapo hakuna mtu wa kulisimamia. Na jambo jingine hulitaji. Kliniki yao wanajuana, hakuna anayemshangaa mwenzake. Mlete Dogo kwenye benchi langu, katikati ya akina mama na watoto wa chanjo, na jirani yake yupo pale. Siku ya kwanza tu simu imeibwa, nani atashikwa?

HAMZA: Kwa hiyo tuwatenge ili wasitengwe?

ZUHURA: Sikusema tuwatenge.

HAMZA: Ndicho kinachotokea. Kadiri wanavyokuwa na geti lao, mtaa unazidi kuwaogopa. Yule mama wa chanjo akikaa na Dogo benchi moja kila wiki, atamjua jina.

ZUHURA: Au atamhamishia mtoto wake zahanati nyingine, chanjo zikatike. Nimeona akina mama wakihama kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

HAMZA: Mimi nimeona vijana wakifa njiani kati ya vituo viwili.

ZUHURA: Najua umewaona.

HAMZA: Basi.

[kimya]

ZUHURA: Sikubaliani, lakini. Nipe wauguzi watatu na mtu wa Idi, tuongee upya.

HAMZA: Wauguzi watatu hawaletwi mahali pasipo na wagonjwa, dada. Walete wagonjwa kwanza.

ZUHURA: Wakiharibikiwa hapo katikati?

HAMZA: Wanaharibikiwa sasa hivi.

ZUHURA: Haya. Saa ngapi hiyo?

HAMZA: Kumi na moja na nusu. Na tuliahidi mambo matatu kwa wenye ndugu mraibu nyumbani. Nimeyaandika hapa.

ZUHURA: Muda wote umekwenda kwa bibi yako.

HAMZA: Bibi atafurahi sana. Lakini kuna ujumbe wa mama wa Tanga ambao siwezi kuuacha. Anasema mumewe ni mlevi wa kila siku, asubuhi mpaka usiku, miaka mingi. Familia imekaa kikao, Jumamosi wanamfungia ndani ili aache.

ZUHURA: Aa, hapana. Mama, kama unanisikia, msimfungie. Mtu aliyezoea pombe kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya. Mpelekeni kituo cha afya kabla ya hiyo Jumamosi, mseme wazi anakunywa nini na kiasi gani, mara ya mwisho lini. Kuna dawa za kumvusha salama. Na kama ameshaacha na ameanza kutetemeka au kuweweseka, hiyo ni dharura, msisubiri kupambazuke.

HAMZA: Nitamwandikia pia leo hii.

ZUHURA: Mwandikie sasa hivi, kabla hatujazima.

HAMZA: Naandika. Na yale matatu?

ZUHURA: Leo basi. Zamu yangu saa moja, na Barabara ya Mandela saa hizi unaijua. Soma ulichomwandikia, nisikie.