Sungura Anakula Nyasi

Asanteni. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, na nitaanzia hapo hapo, kwa sababu wiki hii pekee nimeletewa sungura wengine watatu wagonjwa. Sungura anakula nyasi. Si karoti, si chapati ya jana, si sukuma wiki asubuhi, mchana na jioni.

Majuzi mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliingia kliniki na binti yake wa darasa la tano, wamembeba sungura kwenye katoni ya unga. Jina lake Pamba. "Daktari, siku ya pili hii hajala, na njaa anayo. Anakuja kwa chakula, ananusa, anageuka." Nikamshika kidevu: kimelowa mate, manyoya yameshikana hadi kifuani. Meno ya mbele yalikuwa mazuri, na hapo ndipo wengi huishia kuangalia. Nikaingiza kifaa chenye taa hadi nyuma. Magego ya chini yalikuwa yameota ncha zinazoelekea ndani, na moja imechimba kidonda ubavuni mwa ulimi. Kila akitafuna, anajikata. Yule mtoto akachungulia, akaniuliza, "Kwani tulimkosea nini?"

Walimkosea bila kujua. Meno ya sungura ni 28, na yote huendelea kuota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 kwa wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi saa nyingi, taya ikienda upande huu na huu. Jani la sukuma huisha kwa dakika moja. Pamba hakuwahi kuwekewa nyasi kavu hata siku moja.

Najua kuna anayetaka kuniambia: daktari, mimi niko ghorofa ya nne mtaani Pipeline, nyasi nitoe wapi? Nenda agroveti uulize nyasi kavu za boma rhodes. Robota moja la kilo 15 litamlisha sungura mmoja miezi kadhaa, au mgawane na jirani. Liweke pakavu, likishika ukungu, tupa. Mwingine atasema shosho alifuga sungura Murang'a na hakuna aliyeugua meno. Shosho alikuwa akiwakatia nyasi kando ya shamba kila jioni! Tena sungura wake walichinjwa wakiwa na miezi mitano. Wewe unataka wako aishi miaka minane.

Kwa hiyo nyasi muda wote, mchana na usiku. Majani mabichi ngumi moja. Karoti kipande kidogo, kama unavyompa mtoto peremende. Na hili lishikeni hata mkisahau mengine yote: sungura akikaa saa 12 bila kula, usingoje kesho. Utumbo wake ukisimama, gesi humjaa, na anaweza kufa ukiwa unasema tuone kama ataamka vizuri. Kila asubuhi angalia kinyesi. Kikianza kuwa kidogo kidogo, kikavu, kimeungana kwa manyoya kama shanga, mlete.

Naonyeshwa saa, na mbwa sijamgusa. Haraka basi. Dawa ya kupe ya mbwa yenye fipronil usimpake sungura. Inaweza kumtia degedege na kumuua. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka, hata kama hatoki getini. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usianze kwa kumtafuta mwenye mbwa. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa damu, ianze wiki ya 6 hadi ya 8. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu ni wa leo, si wa Jumatatu. Vitunguu na chokoleti, hapana. Ya minyoo niulizeni pale nje.

Dada wa nyuma anauliza Pamba ilikuwaje. Tulimpa dawa ya usingizi, tukazisaga zile ncha, akalishwa mdomoni kwa bomba la sindano siku tatu. Jana mama yule amenitumia video: dakika nzima ya taya tu, upande huu na huu, na bua la nyasi linapungua.