Namba Kwanza, Bando Baadaye: Mhadhara kwa Wanaohamia Ughaibuni

Mabibi na mabwana, karibuni. Wengi wenu ama mna safari karibuni ama mmefika ugenini juzi juzi, na swali mnalouliza zaidi ni kampuni gani ina bando nono. Naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza. Bando unaweza kulibadilisha kila mwezi. Kinachowatesa watu ni namba. Namba ya nyumbani ndiyo inayofungua benki yako, pesa zako za simu na WhatsApp yako. Namba ya ugenini ndiyo watakayokutafuta nayo mwajiri, daktari na mwenye nyumba. Ukizilinda hizo mbili, mengine yote yanarekebishika.

Nianze na namba ya nyumbani, maana kazi yake inafanyika kabla hujapanda ndege, na ukishafika mbali mara nyingi huwezi kuifanya tena.

Laini isiyotumika hufungwa, kisha namba yake anapewa mteja mwingine. Kwa kampuni nyingi muda huo ni miezi mitatu hadi sita, ila kila kampuni ina masharti yake, kwa hiyo uliza ya kwako. Uliza na jambo la pili ambalo watu hulisahau: ni kitu gani kinahesabiwa kuwa laini imetumika? Mara nyingi kupokea ujumbe hakutoshi. Wanataka uongeze salio, upige, au utume ujumbe unaolipiwa. Ukishapata jibu, weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Nalisisitiza hili kwa sababu anayepewa namba yako ndiye atakayepokea namba za siri ambazo benki inakutumia wewe, na anaweza kujisajili WhatsApp kwa namba hiyo hiyo huku watu wako wakidhani wanazungumza na wewe.

Kisha washa romingi, yaani huduma ya laini yako kushika mitandao ya nchi nyingine, ukiwa bado nyumbani. Zipo kampuni ambazo huwezi kuiwasha ukishatoka nje ya mipaka, na huduma kwa wateja wanakuambia ufike dukani. Kuwasha romingi hakumaanishi kutumia intaneti ya laini hiyo ugenini. Unataka tu laini ishike mtandao ili ujumbe uingie. Kwa hiyo intaneti ya romingi unaizima kwenye mipangilio, unaacha simu na ujumbe. Kupokea ujumbe kwa kawaida ni bure, lakini kupokea simu mara nyingi unatozwa wewe uliyepigiwa.

Hapo kuna mtego mmoja ambao ningependa kila mmoja auelewe vizuri. Ukiwa kwenye romingi na simu ikaita usipokee, mtandao unaweza kuipeleka kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, ambacho kiko nchini kwako. Simu imetoka nyumbani ikaja ulipo, ikarudishwa nyumbani. Unatozwa safari zote mbili, na hujasema hata neno. Dawa yake ni kuondoa uelekezaji wa simu kabla ya kusafiri: piga ##002# kisha bonyeza kupiga. Utaona ujumbe kwamba uelekezaji umefutwa.

Nenda pia benki. Waombe uthibitisho wa miamala uhamie kwenye programu yao ya simu, badala ya kutegemea ujumbe mfupi peke yake, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo wakati mwingine hauvuki kwenda mtandao wa nje. Kwenye WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka pini ya tarakimu sita na barua pepe. WhatsApp itaendelea na namba ya zamani hata ukiweka laini mpya kwenye simu. Itakapokuomba namba ya uthibitisho ni siku utakayobadilisha simu, na siku hiyo utahitaji laini ya nyumbani iwe hai.

Sasa simu yenyewe. Je, imefungwa kwa kampuni iliyokuuzia? Jaribio rahisi ni kuweka laini ya kampuni nyingine. Ikiomba namba ya kufungulia, imefungwa, na wa kuifungua ni yule aliyekuuzia, tena ukiwa bado mteja wake. Kisha piga *#06#, utaona IMEI, tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Ziandike mahali nje ya simu. Kampuni nyingi zina ukurasa ambapo unaingiza tarakimu hizo ili ujue kama simu yako inafaa kwenye mtandao wao.

Kwa nini isifae? Kwanza, masafa. Simu iliyotengenezwa kwa soko la bara moja huenda haina bendi zote, yaani mafungu ya masafa, za 4G zinazotumika bara lingine. Itashika mjini, ikazimika ukienda shambani, au ikashika nje na kupotea ndani ya nyumba. Masafa ya chini, kama 700 na 800 MHz, ndiyo yanayopenya kuta na kufika mbali, na ndiyo hasa ya kuangalia kama simu inayo. Pili, nchi nyingi zinazima 3G. Marekani kampuni tatu kubwa zilizima mwaka 2022. Australia, kampuni za Telstra na Optus zilianza kuzima tarehe 28 Oktoba 2024. Mtandao wa zamani ukiondoka, sauti inabidi ipite kwenye 4G, kwa huduma inayoandikwa VoLTE kwenye mipangilio. Simu isiyo nayo, au inayo lakini kampuni haiitambui, itakupa intaneti safi na kukataa kupiga. Australia wamekwenda mbali zaidi: simu isiyoweza kupiga namba ya dharura 000 kupitia 4G inazuiwa kabisa kwenye mitandao yao. Mtu anaiona simu yake nzima imekuwa kama tofali, anadhani laini ni mbovu.

Turudi kwenye laini. Ukitua, usisaini mkataba. Sisemi mkataba ni mbaya. Nasema hujui bado utaishi mtaa gani, utafanyia kazi wapi, na mtandao upi unashika ndani ya chumba chako. Miezi miwili mitatu ya mwanzo ni ya laini ya kulipia kabla.

Lakini chagua laini yenye namba. Zile eSIM za wasafiri, yaani laini zisizo na kadi, zinazouzwa mtandaoni, nyingi ni za intaneti tu, hazina namba ya kupigiwa. Zinafaa kwa siku za kwanza tu: ramani na kuwajulisha nyumbani umefika. Benki haitakufungulia akaunti kwa laini isiyopokea ujumbe. Kuwa mwangalifu pia na laini za watalii. Baadhi zina ukomo wa siku na haziongezwi muda. Ukishaiandika namba hiyo kwenye fomu za shule ya watoto na za hospitali, inakufa.

Usajili unatofautiana mno. Uingereza unanunua laini ya kulipia kabla bila kuonyesha kitambulisho. Ujerumani, tangu Julai 2017, laini haiwashwi mpaka kitambulisho kihakikiwe, dukani, posta au kwa simu ya video. Si kila pasipoti inakubaliwa kwenye uhakiki wa video, hivyo ukikataliwa usirudie rudie. Nenda dukani au posta na pasipoti yenyewe. Japani, laini ya sauti inahitaji kitambulisho, na kwa mgeni mkazi ni ile kadi ya ukaazi.

Popote ulipo, sajili kwa jina lako, lililoandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Wenye majina matatu, mna kazi ya ziada. Fomu nyingi zina visanduku viwili tu, na karani mmoja ataweka jina la kati upande wa kwanza, mwingine upande wa ukoo. Amua mwanzoni lipi linakaa wapi na ubaki hapo hapo kwenye laini, benki na mkataba wa nyumba. Majina yakipishana, benki inaweza kukataa makato ya kila mwezi, au ombi la kuhamisha namba likarudishwa. Na usikubali laini ya rafiki, hata awe mwema kiasi gani. Siku mkitofautiana, au siku akihama, namba ni yake kisheria.

Laini mpya ikija kwenye kadi yake ya plastiki, usiitupe plastiki hiyo. Ina pini na PUK, namba ya kuifungua laini iliyojifunga. Katika nchi nyingi za Ulaya laini huja na pini imewashwa. Ukikosea mara tatu inajifunga, ukaombwa PUK yenye tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekwisha, ununue nyingine.

Ukiwa na laini mbili kwenye simu moja, ya nyumbani na ya ugenini, chagua ya ugenini kuwa ya intaneti, kisha tafuta kipengele kinachoruhusu simu kuhamia intaneti ya laini nyingine yenyewe, ukizime. Kikiachwa wazi, intaneti inaweza kuvutwa kwenye laini ya nyumbani kwa bei ya romingi, na wewe huna habari.

Kuhusu ukubwa wa bando sitakaa sana. Fungua mipangilio ya simu, uone mwezi uliopita umetumia kiasi gani nje ya waifai. Filamu kwa ubora wa kawaida ni karibu GB 1 kwa saa, kwa ubora wa HD karibu GB 3. Kama nyumbani una waifai, huhitaji bando kubwa. Angalia tu siku: bando la siku 28 unalilipia mara 13 kwa mwaka, si 12. Na "dakika bila kikomo" karibu kila mara maana yake ni ndani ya nchi. Kupiga nyumbani kuna bei yake.

Sasa mkataba, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Kampuni itakuomba akaunti ya benki ya nchi hiyo, uthibitisho wa anwani, na itaangalia historia yako ya mikopo. Mgeni hana historia. Hakuna aliyekuona mbaya. Mfumo hauna cha kusoma. Marekani mara nyingi wanaomba namba ya hifadhi ya jamii. Ukikataliwa kampuni moja, usizunguke kampuni tano wiki hiyo hiyo, kwa sababu katika baadhi ya nchi kila ukaguzi kamili unaacha alama kwenye rekodi, na alama nyingi kwa mpigo zinakuchafulia. Uliza kama wanakubali dhamana ya fedha, au mkataba wa laini peke yake wa mwezi mmoja mmoja.

Simu mpya "ya bure" ndani ya mkataba, ipigie hesabu hapo hapo dukani. Tuseme mkataba ni 30 kwa mwezi, miezi 24: jumla 720. Bando lile lile bila simu ni 10 kwa mwezi: 240. Basi simu umeinunua kwa 480. Angalia bei yake dukani. Ikiwa ni 350, hiyo 130 ya juu ni gharama ya mkopo ambayo hakuna aliyekuita kukueleza. Kama huna 350 leo, huenda bado inakufaa, lakini ulipe ukijua.

Soma sehemu ya muda. Umoja wa Ulaya hauruhusu mkataba wa mwanzo uzidi miezi 24. Ujerumani, tangu Desemba 2021, muda huo ukiisha unaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Zamani ulijiongeza mwaka mzima. Kwingine mkataba unajirudia kimya kimya usipotoa notisi, kwa hiyo andika tarehe siku unaposaini.

Zipo pia kampuni zisizo na minara yao, zinazotumia minara ya kampuni kubwa. Bei zao ni nzuri na kwa mgeni huwa chaguo zuri, mara nyingi bila kuulizwa historia ya mikopo. Hasara ni kwamba mnara ukielemewa, wateja wake wenyewe wanaweza kupewa kipaumbele, na huduma kama kupiga kwa waifai huenda isiwepo.

Wanaoishi Ulaya wananiuliza: ninunue laini nchi yenye bei ya chini nikaitumie nchi nyingine ya Umoja, maana romingi haina nyongeza tangu 2017? Kwa safari, sawa. Kwa kuishi, hapana. Kampuni inaruhusiwa kuangalia miezi minne; ikiona umekaa na kutumia nje zaidi ya ndani, inakuandikia, unapewa siku 14 za kujieleza, kisha inaweza kuanza kukutoza nyongeza.

Ukitaka kuhama kampuni na kubaki na namba, usikatishe laini ya zamani kwanza. Ukiikatisha, namba inaweza kupotea nayo. Anza kwa kampuni mpya, au omba msimbo wa kuhamia. Uingereza unatuma neno PAC kwenda 65075, unapata msimbo unaodumu siku 30, unampa mtoa huduma mpya, na namba inahama siku ya kazi inayofuata. Mpaka ihame, laini ya zamani iwe na uhai.

Swali limetoka nyuma pale: je, simu isiyo na laini inapiga dharura? Inategemea nchi. Namba 112 inafanya kazi mahali pengi, na ikibidi simu yako itatumia mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu. Lakini Ujerumani na Uingereza simu isiyo na laini hairuhusiwi kupiga hata 112. Kwa hiyo ile simu ya zamani unayompa mtoto achezee michezo kwa waifai, usiihesabu kuwa ya msaada. Iwekee laini ya kulipia kabla, hata isiyo na bando.