Baiskeli ya gia moja ya kwendea kazini: ununue au uunde?

Karibuni, ndugu watazamaji. Mbele yenu ziko baiskeli mbili. Hii ya kushoto ni Roadmaster mpya, fremu yake bado imefungwa karatasi za dukani. Ya kulia ni fremu ya mtumba, haina magurudumu wala mnyororo. Zote mbili zinaweza kukupeleka kazini kwa gia moja kwa miaka mingi. Msimamo wangu nautoa mapema: kama huna tayari fremu nzuri mkononi, nunua baiskeli kamili, kisha ubadilishe vitu vichache nitakavyowaonyesha. Kuunda kunalipa pale tu fremu inapokuwa ya kuaminika na umeipata kwa bei ndogo.

Hatua ya kwanza: itazame njia yako kabla ya kuitazama baiskeli. Hapa Uganda, anayeishi Soroti au Lira anaendesha kwenye tambarare. Wewe wa Kampala unayetoka Bwaise kupanda Wandegeya, au unayefanya kazi juu Nakasero, una mlima kila asubuhi, na baiskeli ya gia moja haina gia ya akiba ya kukuokoa. Uchaguzi wote unafanyika mara moja, hapa kwenye meno.

Sogeza kamera hapa. Hesabu meno ya gia ya mbele, hii iliyoshikana na pedali, uyagawe kwa meno ya friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma. Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 18. Jibu ni 2.44. Yaani pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa tairi la inchi 28 unasogea kama mita 5.5. Ukiweka friwili ya meno 22, jibu ni 2 kamili, unasogea mita 4.5. Wengi wanaogopa kwamba watachelewa kazini. Tupige hesabu. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, friwili ya 18 inakupa karibu kilomita 20 kwa saa, ile ya 22 inakupa kama 16. Safari ya kilomita 8 kwenye tambarare, tofauti ni dakika tano au sita. Kwenye foleni ya Jinja Road dakika hizo zinaliwa na magari hata ungekuwa na baiskeli ya mashindano. Lakini mlimani, mwenye 22 anapanda akiwa amekaa, na mwenye 18 anashuka kusukuma. Kwa Kampala mimi naweka 20 au 22, bila kusita. Soroti baki na 18.

Hatua ya pili ni fremu, na hapa msiharakishe, kwa sababu kila kitu kingine kinaweza kubadilishwa baadaye isipokuwa hii. Anza na sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na siku ikivunjika fundi wa kuchomelea pale Katwe anaweza kuifufua. Isiponasa, huenda ni alumini, ambayo haichomelewi kwa mashine ya kawaida. Halafu pitisha kidole kila mahali bomba linapokutana na bomba. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni ishara ya ufa chini yake, iache hapohapo.

Sasa uzi. Funga uzi kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, pale ekseli inapoingia, uupitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, uurudishe hadi mdomo wa kulia. Uvute ukaze. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana kwa milimita kadhaa, fremu imepinda, na baiskeli itakuwa inakuvuta upande mmoja kila siku. Muuzaji akikukataza kufunga uzi, nenda kwa mwingine.

Bado tuko kwenye mdomo wa nyuma. Angalieni tundu lake. Hili limelala, kwa hiyo gurudumu linaweza kuvutwa nyuma mpaka mnyororo ukaze. Fremu nyingi za baiskeli za gia zina tundu lililosimama wima, na gurudumu halina pa kuvutwa. Utalazimika kuongeza kikaza mnyororo, kitu kingine cha kununua na kingine cha kuharibika. Kwa kuunda gia moja, chagua tundu lililolala.

Hatua ya tatu, magurudumu. Tafadhali sikilizeni vizuri, maana hapa pesa hupotea bila mtu kujua sababu. Baiskeli zetu nyeusi zilizozoeleka hutumia tairi la 28 kwa moja na nusu, ambalo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi huja na rimu ya milimita 622, na ubavuni mwa tairi zake unaweza pia kusoma 28. Kwa macho zinafanana. Tairi la 635 kwenye rimu ya 622 litalegea na kuchomoka. La 622 kwenye rimu ya 635 halitaingia kabisa. Zile za milima za inchi 26 ni milimita 559. Kwa hiyo usisome 28 ukaridhika. Tafuta namba ya tarakimu tatu baada ya kistari, kama 40-635.

Ukishaijua, nenda kwa fundi aliye karibu na nyumbani na mwingine aliye karibu na kazini, umuulize kila mmoja: "Ssebo (bwana), tairi na tyubu za namba hii unazo?" Wote wakisema hapana, hiyo baiskeli haifai kwendea kazini, hata iwe nyepesi namna gani. Tairi hupasuka saa kumi na mbili asubuhi, siyo siku ya mapumziko.

Hatua ya nne, bei. Chukua karatasi, andika kila kipande: gurudumu la mbele, la nyuma, tairi mbili, tyubu mbili, friwili, mnyororo, seti ya pedali, breki, kiti, usukani, madigadi, keria, na kazi ya fundi. Msisahau kazi ya fundi, anastahili malipo yake. Zunguka na karatasi hiyo ukaulize bei za leo, ujumlishe, uongeze bei ya fremu. Vipande vikinunuliwa kimoja kimoja huwa ghali kuliko vikiwa vimeshafungwa pamoja kiwandani. Jumla ikizidi ile ya baiskeli kamili, umepata jibu.

Tuseme umenunua. Usiipande siku hiyohiyo. Fungua ekseli zote mbili utazame gololi. Baiskeli mpya mara nyingi ina grisi kidogo mno, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei utamaliza hicho kidogo kilichopo. Jaza grisi, ufunge ekseli zisichezecheze. Kaza pini zinazoshika mikono ya pedali. Kisha badilisha friwili kama tulivyohesabu. Ukitoka meno 18 kwenda 22, mnyororo utahitaji kama pingili mbili zaidi, kwa hiyo nunua kipande cha ziada.

Breki sasa. Hizi za vyuma virefu zinabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa huteleza. Mvua ikinyesha, anza kubana mapema sana kabla ya makutano. Kama uwezo upo, weka rimu za alumini zenye breki za kubana ubavuni, angalau mbele. Mtu anayeteremka Namirembe asubuhi katikati ya boda na teksi anahitaji breki zinazoshika, na hapa siwezi kumshauri mtu abane matumizi.

Na wewe uliyeamua kuunda, fuata mikono yangu. Ondoa kibadilisha gia na friwili yenye gia nyingi. Skrubu friwili moja mpya ukiwa umepaka grisi kwenye uzi wake, ile mikato ya skrubu, la sivyo siku ya kuifungua utailaani. Mnyororo ulingane na meno: mnyororo mpana ni wa moja ya nane ya inchi (1/8), mwembamba ni wa tatu ya thelathini na mbili (3/32). Mwembamba haukai kwenye meno mapana.

Weka rula ndefu ubavuni mwa gia ya mbele, uielekeze nyuma. Inatakiwa iguse ubavu wa friwili vilevile. Isipogusa, ongeza au punguza washa (vile vipete bapa vya chuma) kwenye ekseli mpaka mstari unyooke. Mnyororo uliokaa mshazari hupiga kelele, hula meno na huruka ukikanyaga kwa nguvu.

Vuta gurudumu nyuma, kaza nati. Bonyeza mnyororo katikati: usogee kama sentimita moja. Zungusha pedali polepole ukibonyeza tena na tena, kwa sababu gia ya mbele haiwi duara kamili na kuna mahali mnyororo hukaza zaidi. Pima pale ulipokaza zaidi. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume, kwa kuzungusha kushoto. Ukiilazimisha kulia utaharibu uzi wake.

Mwisho, iendeshe karibu na nyumbani bila mzigo. Bana breki moja moja, kisha zote mbili. Baada ya wiki ya kwanza, kaza tena nati za magurudumu, pini za pedali na spoki zilizolegea, ndipo ufunge mzigo kwenye keria.