Korona Ikishapita, Mwilini Hubaki Nini?

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana wa Chake Chake. Nimeombwa nizungumze juu ya kinga ya mtu aliyepona Uviko-19, na nitaanza na swali ninaloulizwa kila nikishuka bandarini Mkoani: "Daktari, miye nimeshaugua nikapona. Kinga si ninayo?"

Unayo. Ila kinga gani, na imekaa wapi? Hapo ndipo penye maneno.

Kirusi cha korona kina miiba, na kwa miiba hiyo hujishika kwenye seli za pua, koo na mapafu. Siku za mwanzo mwili haukijui. Hukabiliana nacho kwa kinga tuliyozaliwa nayo: homa, uvimbe, na kemikali ziitwazo intaferoni, zinazozitahadharisha seli jirani. Mwaka 2020 watafiti waligundua kuwa takriban mmoja katika kila wagonjwa 10 waliozidiwa sana alikuwa na kingamwili (protini ambazo mwili huzitengeneza kumgandama adui) zilizokosea adui, zikizizuia intaferoni zake mwenyewe. Kwa hiyo tusiseme ovyo kwamba fulani alizidiwa kwa kuwa hakupiga nyungu. Nyungu ilizibua pua, sikatai, nami nilijifukiza; lakini mvuke hautengenezi kingamwili.

Kingamwili za korona huonekana kwenye damu wiki moja hadi tatu tangu dalili zianze. Huigandama ile miiba, kirusi kikakosa pa kujishikiza. Pamoja nazo zipo seli T, askari wa damu: baadhi huziongoza nyenziwe, baadhi huziua seli zetu zilizokwisha kuingiliwa kabla hazijazalisha virusi zaidi. Mtu akipona, kingamwili hupungua mwezi baada ya mwezi, na jambo hilo liliwatia wengi hofu kwamba kinga imekwisha.

Watu wa Pemba tusingeshtuka. Msimu wa karafuu wachumaji hujaa mashambani. Msimu ukimalizika, kambi hubaki tupu. Nani atasema Pemba haina tena wachumaji? Wako majumbani mwao, na mikarafuu ikizaa watarudi kupanda bila ya kufundishwa upya. Seli zinazomwaga kingamwili ni vivyo hivyo. Nyingi hufa maradhi yakiisha, na chache huhamia kwenye uboho wa mifupa zikatoa kidogo kidogo. Watafiti wa St. Louis, Marekani, walizikuta humo kwa watu walioumwa kidogo tu, miezi kama 7 baadaye, wakachapisha mwaka 2021. Wenzao wa La Jolla, California, waliona seli B za kumbukumbu, yaani zile zinazomkumbuka adui ili zitoe kingamwili akirudi, zikizidi katika miezi 6 ya mwanzo, badala ya kupungua. Na kule Singapore, walioumwa SARS ya 2003, maradhi ya mapafu ambayo kirusi chake ni jamaa wa hiki, walikuwa bado na seli T zake baada ya miaka 17.

Mbona basi watu huumwa tena? Kingamwili za puani huondoka mapema, na seli za kumbukumbu zinataka siku kadhaa kuinuka. Katika siku hizo mafua hukupata. Tena kirusi hubadilisha miiba yake. Omikroni, sura mpya ya kirusi hiki iliyotangazwa Novemba 2021, ilitupa somo. Uchambuzi wa tafiti 65 uliotoka katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2023 ulionyesha kuwa wiki 40 baada ya kuugua, kinga dhidi ya kuambukizwa omikroni ya mwanzo ilishuka hadi asilimia 36 hivi, lakini dhidi ya kuzidiwa ilibaki karibu asilimia 89. (Hapa kwetu hesabu za wagonjwa zilisita kutangazwa kwa zaidi ya mwaka tangu Mei 2020, ndiyo maana naazima za wenzetu.)

Kwa aliyeugua kisha akachanjwa, chanjo huziamsha seli zile zile, na kingamwili hupanda kuliko za aliyeugua tu. Mzee mwenye sukari au presha mimi ningemshauri achanjwe, hata kama ameshaugua.

Kijana mmoja ameniandikia kikaratasi: alipe pesa apimwe kingamwili, ajue kama bado amekingika? La, mwanangu, pesa zako ziweke. Kipimo hicho kitakwambia kilichomo kwenye damu siku hiyo. Seli T hakizihesabu, wala kwenye uboho hakifiki.