Mshiko wa Nne: Mkigeuka, Nani Anaumia?

FURAHA: Jambo yenu wote, wa Goma, wa Sake, wa Minova mpaka Bukavu. Bahati, Jumapili kwenye katchi, ile mieleka ya maonyesho, watu walipiga kelele mpaka kengele haikusikika. Dada aliyekuwa amemfunga mwenzake miguu ndiye aliyehesabiwa tatu. Anaumiza, halafu anashindwa! Mpaka tunafika Birere watu bado wanasema mwamuzi ameuza pambano.

BAHATI: Mwamuzi hakuuza kitu, yaya. Mabega yake yote mawili yalikuwa chini, na yakikaa chini mpaka mwamuzi ahesabu tatu, umeshindwa. Leo kwenye kipindi tuna mishiko mitatu: wa nne, yaani ule unaoifanya miguu ifanane na tarakimu 4, ule wa uso na mkono wa Asuka, mwanamieleka wa Japani, na supleksi, kumwinua mtu na kumtupa nyuma, ya Mjapani mwenzake Manami Toyota. Wa nne tuupe dakika tano, tusonge.

FURAHA: Haya, anza.

BAHATI: Mpinzani amelala chali. Unamshika mguu mmoja kwenye kifundo, unaingiza mguu wako katikati ya mapaja yake, unazunguka mpaka unampa mgongo. Goti lake linajikunja kwenye mguu wako. Muundi wa mguu uliokunjwa unaulaza juu ya mguu wake wa pili, juu kidogo ya goti. Ukitazama toka juu unaiona nne kabisa. Ndipo unaanguka nyuma, na mguu wako uliobaki unafungia juu ya ile miguu iliyopishana.

FURAHA: Na hapo ndipo wanaoanza wanaharibu. Wanaanguka kabla nne haijakaa. Goti la mwenzako linavutwa kwa ubavu, na goti limeumbwa kukunjwa na kunyooshwa, basi. Kano za pembeni ndizo zinalipa. Nne ikae kwanza. Halafu matako chini, kidevu kifuani, mikono inapiga mkeka.

BAHATI: Watazamaji wanaangalia goti, lakini maumivu makali yako kwenye muundi. Mfupa unakandamiza mfupa, hakuna nyama ya kuukinga. Ndiyo maana anayefunga anaacha nafasi kidogo, na aliyefungwa ndiye anayebeba mchezo: anainuka, anajitupa chini, anatafuta kamba. Akiigusa, mwamuzi anahesabu mpaka tano, mshiko uachiwe.

FURAHA: Na akijitupa chini akabaki hapo?

BAHATI: Anahesabiwa, bila shaka, mabega yamegusa. Na wewe unayefunga, ukiegemea nyuma kuvuta nguvu…

FURAHA: Moja! Mbili!

BAHATI: Hivyo hivyo. Ndiyo yaliyotokea Jumapili. Alilala chali kama mwenzake, akasahau mabega.

FURAHA: Kwa hiyo Charlotte Flair, mwanamieleka wa Marekani, ametatua mambo mawili kwa mara moja. Mshiko wenyewe watu wanautaja na Buddy Rogers, mwanamieleka wa zamani, akaja Ric Flair, baba yake Charlotte, akaufanya alama yake. Binti akaongeza daraja: akishafunga, anaweka viganja kando ya masikio, vidole vikielekea miguuni, anainua kiuno mpaka mwili wote unapinda juu. Nne imekuwa nane. Kiuno kikipanda, paja lake linauvuta ule mguu uliokunjwa. Na mabega yako hewani, hakuna wa kumhesabu.

BAHATI: Viganja vikiwa na jasho, daraja linavunjika na unaangukia shingo. Pangusa mikono kwanza, nyoosha viwiko, uzito usikae kichwani. Sasa Asuka…

FURAHA: Bado. Hatujasema kujigeuza.

BAHATI: Yaya, muda.

FURAHA: Ni hili tu. Aliyefungwa akijipindua na mwenzake, wote wakalala kifudifudi, shinikizo linahamia kwa aliyefunga.

BAHATI: Halihami. Miguu ni ile ile, imepishana vile vile. Kilichobadilika ni kwamba aliyefunga hawezi tena kuinua kiuno, kwa hiyo mshiko unalegea. Kulegea na kuhama si kitu kimoja.

FURAHA: Angalia mguu wa aliyefunga, ule aliouingiza katikati. Umebanwa ndani ya goti lililokunjwa. Mkiwa kifudifudi, aliyefungwa anasukuma kiuno chini na kunyoosha mguu. Muundi unaobanwa sasa ni wa nani?

BAHATI: Wa wote wawili. Na aliyefunga anaweza kufungua mguu wake wa nje wakati wowote. Yeye ndiye mwenye ufunguo.

FURAHA: Uzito wa watu wawili ukiwa juu ya mguu huo, anaufunguaje? Mbona kila mara yeye ndiye anayetambaa kwenda kwenye kamba?

BAHATI: Kwa sababu mchezo umekubaliana hivyo. Miaka yote mtazamaji ameonyeshwa kwamba kugeuka ni kugeuza maumivu. Mchezaji anaiheshimu kanuni hiyo, na mimi naiheshimu. Ila mwili hauko hivyo.

FURAHA: Kanuni imetoka mwilini, Bahati! Lala hapa chini nikufunge.

BAHATI: Hapa kwenye sementi?

FURAHA: Moja! Mbili!

BAHATI: Hata ukinihesabu, halihami.

FURAHA: Linahama. Na wanaofanya mazoezi wasikie: hatari kubwa ya mshiko huu ni pale pa kugeuka. Mtu akianza na mabega, miguu ikabaki nyuma, goti linajisokota. Aliyefungwa ndiye anayetaja upande, kwa sauti ndogo. Viuno vinaanza pamoja, mabega yanafuata. Asiyesikia upande asigeuke.

BAHATI: Na asiyetaka kugeuka afanye nini? Akae, amsukume mwenzake mpaka mabega yaguse…

FURAHA: Fundi ananionyesha kidole. Dakika moja.

BAHATI: Toyota je? Supleksi yake tulikuwa tumeiandalia nusu ya kipindi!

FURAHA: Haiingii.

BAHATI: Basi Asuka, haraka: unakaa nyuma yake, miguu imemzunguka kiunoni, mkono wake mmoja umekunjwa nyuma ya mgongo, mkono wako wa pili unapita mbele ya uso, vidole vinakutana, halafu unalala nyuma naye, na hapo mabega yako…

FURAHA: Tumekatwa. Aksanti, kwaherini.